Siku sita na baiskeli kando ya mtaro wa Clinton

Kabla ya kuondoka

Nianze kwa kukiri kitu. Mimi mtoto wa Kahama, nimekulia juu ya karia ya Phoenix ya baba, kwetu ni tambarare na baiskeli ndo daladala, sasa mtu akija kuniambia kupiga pedali kwenye changarawe siku sita ni mapumziko huwa namuangalia tu usoni. Mwaka 2003 kwenye barabara ya Isaka lori lilinipitia karibu mpaka kioo chake kikanigonga bega, nikaingia mtaroni mimi na dumu la maziwa, dereva hata mwendo hakupunguza. Tangu siku ile nikipanda baiskeli shingo inageuka nyuma yenyewe, kila baada ya sekunde chache, hata nikiwa kwenye uwanja mtupu wa mpira. Mke wangu anasema naendesha kama mtu aliyeiba.

Sasa hivi naishi Buffalo, jimbo la New York, nafanya shifti ya usiku godauni pamoja na jamaa mmoja Mrundi aliyekulia kambini Kibondo, Kiswahili chake kimeokota kila mahali alikopita. Yeye ndo aliyeleta hii habari. Ananiambia, "Msukuma, kuna njia ya kinga kutoka hapa mpaka Albany, hamna magari." Nikamuuliza kinga ya nini, ya malaria? Kumbe kwao kinga ni baiskeli. Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kuna nini.

Njia yenyewe inafuata Mfereji wa Erie. Walianza kuuchimba 4 Julai 1817 pale Rome, New York, ukakamilika Oktoba 1825, kilomita 584 kutoka Ziwa Erie mpaka mto Hudson, na kutoka hapo maji yanakwenda zake mpaka bandari ya New York. Serikali kuu ya Washington iligoma kutoa hela, jimbo likajilipia lenyewe, dola kama milioni 7. Gavana aliyeung'ang'ania aliitwa DeWitt Clinton na wapinzani wake wakauita mtaro wa Clinton kwa dharau. Nikasema basi, mimi ni mtu wa mitaro, twende.

Tuliomba ruhusa wiki moja Septemba 2025, mwaka ambao mfereji ulikuwa unatimiza miaka 200. Mpango ulikuwa Lockport mpaka Syracuse, kama kilomita 260. Watu wa spidi wanaimaliza kwa siku mbili tatu, sisi tuna hema moja, sufuria moja, unga wa ugali kilo mbili na Mrundi ambaye anasimama kila akiona ndege.

Siku ya kwanza: Lockport mpaka Medina, kilomita 29

Shemeji alitushusha Lockport na pikapu yake saa tatu asubuhi. Tulipanga tuondoke hapo hapo, tukaondoka saa saba.

Kilichotuchelewesha ni ngazi za maji. Pale Lockport ndo jabali lile lile linalotengeneza maporomoko ya Niagara linakatiza, kwaiyo mfereji ukitoka magharibi unafika ukingoni, chini kuna bonde, boti inashukaje? Wakajenga loki tano moja baada ya nyingine, kama ngazi, na nyingine tano pembeni yake ili boti zinazopanda na zinazoshuka zipishane. Loki kwa asiyejua ni chumba cha mawe chenye mageti mbele na nyuma. Boti inaingia, geti linafungwa, wanafungua tundu maji yanatoka kidogo kidogo kwenda chini, boti inashuka nayo taratibu kama mtu kwenye lifti, yakilingana na maji ya mbele geti linafunguka inatoka. Ya kupanda ni hivyo hivyo kinyume chake. Maji yenyewe yanaingia na kutoka kwa uzito wake, hamna pampu. Siku hizi boti zinatumia loki mbili kubwa zilizofunguliwa 1918 na zile tano za zamani zimebaki pembeni, maji yanaporomoka juu yake, na baadhi yake wamezirudishia mageti ya mbao ambayo watu wanayasukuma kwa mikono.

Tulikaa pale tukaangalia boti moja ya wazee wawili inashuka kama mita 15. Mrundi akarekodi video yote, dakika ishirini na kitu, nikamwambia hakuna binadamu atakayeiangalia hiyo. Akasema ya kwake mwenyewe.

Af tukaingia njiani. Yani ile dakika ya kwanza ukishapita mji, kelele zinakatika ghafla, unabaki na sauti ya tairi tu, krrrrr, kwenye ule mchanga wa kokoto. Wanaposema changarawe usifikirie ile yetu ya kukokotwa na greda yenye mawe kama ngumi. Hii ni kokoto iliyosagwa mpaka karibu unga, imeshindiliwa, rangi ya majivu, baiskeli yoyote ya tairi nene kidogo inapita. Kushoto mashamba, kulia maji. Njia hii haikutengenezwa kwa ajili yetu, ilikuwa njia ya wanyama, maana boti za zamani hazikuwa na injini, zilikuwa zinavutwa kwa kamba ndefu na nyumbu anayetembea ukingoni.

Na hapa nyumbu ndo ilileta balaa nyumbani. Mwanangu wa miaka sita nilimwambia baba anakwenda kupita njia ya nyumbu, yeye nyumbu anaowajua ni wale wa Serengeti kwenye video, wanaovuka mto Mara wakiliwa na mamba. Nikajaribu kumueleza kwamba kuna nyumbu mwingine, baba yake punda mama yake farasi, hajaelewa, akasema niwapige picha wakiwa wanavuka. Sawa mwanangu.

Medina tulifika jioni. Vijiji vingi vya huku vinakuruhusu kupiga hema bure karibu na maji ukiuliza kwanza, kwaiyo tukalala kwenye nyasi, ugali na sadini za kopo. Usiku baridi ilituonyesha.

Siku ya pili: Medina mpaka Brockport, kilomita 40

Hii ndo siku niliyoipenda kuliko zote kwaiyo mnivumilie nikiirefusha.

Tulipotoka tu Medina tukaacha njia kidogo tukashuka kwenda Culvert Road. Ni barabara inayopita CHINI ya mfereji, mahali pekee kwenye mfereji mzima unapoweza kufanya hivyo, handaki la mawe la mwaka 1823. Unaingia na baiskeli, giza, baridi, mawe yanadondosha maji tone tone kichwani, unajua kabisa kwamba juu yako kuna mfereji mzima na labda boti inapita. Mrundi hakutaka kusimama ndani. Akaniambia miaka mia mbili ni mingi, leo leo ndo inaweza kuamua kuanguka.

Baada ya hapo ni tambarare ya kweli. Kutoka Lockport mpaka kukaribia Rochester ni zaidi ya kilomita 96 hamna loki hata moja, maji yamelala usawa mmoja. Na sehemu nyingi mfereji umeinuliwa kwenye tuta, ardhi ya pembeni iko chini, kwaiyo unaendesha ukiwa juu ya mashamba kama umepanda ukuta: bustani za maepo mistari na mistari, matunda mekundu yameinamisha matawi, kabichi, mahindi yaliyoanza kukauka, maboga yametapakaa shambani kama mtu kayamwaga kutoka kwenye lori. Harufu ya kabichi ikipigwa na jua mnaijua. Huku wilaya ya Orleans ni wakulima tupu, na waokota maepo wengi niliowaona wanaongea Kihispania, tulipungiana mikono, wao juu ya ngazi zao sisi juu ya tuta.

Watu wanadhani tambarare ni rahisi. Sio hivyo bana. Kwenye mlima unapanda ukilia af unashuka umepumzika, makalio yanapata hewa. Hapa hamna kushuka, ukiacha kupiga pedali baiskeli inasimama, masaa manne unakaa mkao ule ule, upepo ukigeuka kutoka mbele ndo umekwisha. Mrundi kwao ni milima mitupu, akanisimulia jinsi vijana wanavyoshuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura na mikungu ya ndizi nyuma, spidi za kufa, na kupanda wanashika mkia wa lori mpaka juu. Nikamwambia hayo malori yenu mnayoshika mikia ndo hayo hayo yakipita kwetu Isaka yanatutia mtaroni. Akafikiri kidogo akasema, "Ulitakiwa ushike, wewe ukakwepa."

Karibu na Albion tukapita madaraja ya chuma yanayopanda. Kuna kumi na sita ya aina hii kati ya Lockport na Fairport, ya miaka ya 1910. Daraja halifunguki katikati kama milango, linanyanyuka zima zima, limelala, kama mtu anabeba kitanda. Boti ikija kengele inalia, magari yanasimama, jamaa aliye kwenye kibanda chake anabonyeza, chuma kinapanda taratibu, na mtu wa miguu anaweza kubaki anapanda ngazi za pembeni avuke kwa juu. Tulimkuta mwendeshaji mmoja anafunga kibanda anakimbilia gari, anawahi daraja lijalo kwa ajili ya boti ile ile. Albion ndo mji alioishi George Pullman yule wa mabehewa ya kulala, na kabla ya mabehewa hela yake ya mwanzo ilitokana na huu mfereji: walipoupanua ikabidi nyumba za ukingoni zisogezwe zote zikiwa nzima, na familia yao ndo ilikuwa inafanya kazi hiyo.

Pancha ilinipata karibu na Holley. Kijiwe chembamba kama kucha, kimepita tairi mpaka ndani. Nikatoa tairi, nikavuta tyubu, hewa inatoka lakini tundu halionekani, na upepo ule huwezi kusikia. Mrundi akaichukua tyubu akaipiga pampu, akalala kifudifudi ukingoni akaizamisha kwenye maji ya mfereji akaizungusha taratibu kipande kwa kipande, mpaka tukaona vipovu vidogo vinapanda mstari mmoja. Pale pale. Tukakausha na fulana, msasa, solusheni, subiri, kiraka. Mzee mmoja Mzungu alikuwa anatembeza mbwa akasimama kuangalia, akasema yeye siku hizi anatupa tu ananunua mpya. Tukamwambia sisi tumesomea.

Ni wakati nashindilia kiraka ndo nikagundua kitu. Tangu asubuhi sikuwa nimegeuka nyuma. Shingo ilikuwa imekaa mahali pake, sikuiambia, sikumbuki iliacha saa ngapi. Sikumwambia Mrundi kwa sababu angeniharibia.

Brockport tukalala vizuri, pale ukingoni kuna nyumba ya kupokea wasafiri wa boti na baiskeli, bafu la maji ya moto, mashine ya kufulia. Kuna bango linasema mashine za kuvunia za McCormick zilitengenezwa hapa miaka ya 1840, ndo ukaelewa kwa nini: chuma unakileta kwa boti, mashine unaitoa kwa boti, inakwenda kuvuna ngano magharibi, na ngano inarudi kwa boti. Kusafirisha tani moja ya mzigo Buffalo mpaka New York kabla ya mfereji ilikuwa kama dola 100, baada ya mfereji ikashuka mpaka chini ya dola 10. Hapo ndo mtaro wa Clinton ulipoacha kuitwa mtaro.

Siku ya tatu: Brockport mpaka Rochester, mvua

Mvua toka saa kumi na moja alfajiri. Sina mengi. Ule unga wa kokoto ukilowa unakuwa uji wa simenti, unaruka kwenye miguu, breki, meno. Cheni ikaanza kulia kama panya. Kufika Spencerport mimi na baiskeli tulikuwa rangi moja.

Rochester tulikuwa tumeahidiwa kulala kwa mama mmoja Mkongo wa Uvira, anafahamiana na Mrundi tangu kambini. Rochester, Buffalo, Syracuse, Utica, hii miji yote ya mfereji imejaa watu wetu waliokuja kama wakimbizi, Wakongo, Warundi, Wasomali, ukisimama stendi ya basi unasikia Kiswahili cha kila aina. Na Utica kuna Wasomali Wabantu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na wengine mpaka leo wanaongea Kizigua. Mimi sijafika Utica lakini nitafika, nataka nikaongee na mzee wa Kizigua kwenye theluji.

Mama alifungua mlango akatutazama kuanzia juu mpaka chini. "Munatoka Brockport na kinga? Mu mvua hii? Nani amewafukuza?" Tukaambiwa tuvue kila kitu kibarazani. Alitupikia bugali na sombe, yani kisamvu, na samaki, akatuwekea mara tatu bila kuuliza. Mwanae wa kidato akatueleza kwamba mfereji wa zamani ulikuwa unapita katikati ya mji juu ya mto Genesee kwenye daraja la mawe, walipouhamishia kusini ya mji wakageuza njia ile kavu kuwa ya treni ya chini ya ardhi, 1927 mpaka 1956, na sasa ni giza na michoro ya rangi tu. Na zamani Rochester ulikuwa mji wa unga, vinu vya ngano pale kwenye maporomoko, maboti yakipakia mapipa. Nikamwambia mama, unaona, tumekuja mji wa unga na unga wetu mkononi. Hakucheka.

Siku ya nne: Rochester mpaka Lyons, kama kilomita 70

Jua. Tulianza kwa kupita makaburi ya Mount Hope kumsalimia Frederick Douglass, maana ni karibu na njia na ni mtu aliyetoroka utumwa akaja kuanzisha gazeti lake mji huu mwaka 1847. Kaburi lenyewe ni jiwe lililolala chini, watu wameacha sarafu na vijiwe. Mrundi alivua helmeti akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomzoea.

Pittsford na Fairport ni miji ya watu wenye hela, aiskrimu dola nane, bata bukini wananya kila mahali kwenye njia. Daraja la Fairport linachekesha, limejengwa kwa mshazari na mteremko, wanasema hamna kona hata moja iliyo mraba, ukilitazama unadhani macho yako yana kasoro. Tukapita.

Palmyra ndo nilipotaka kufika. Kuna daraja dogo la chuma la mwaka 1858 kwenye bustani, wamelihamishia hapo wakalijenga upya. Ni daraja la nyumbu kubadilisha upande. Fikiria: nyumbu anavuta boti kwa kamba, anatembea ukingo wa kaskazini. Mbele njia inahamia ukingo wa kusini. Avuke vipi bila kumfungua kamba? Kumfungua ina maana boti inasimama, boti za nyuma zinarundikana, manahodha wanatukanana. Basi nyumbu anapanda daraja, boti bado iko nyuma, kamba inaburuzika juu ya ukingo wa daraja upande ule wa nyuma. Akishavuka, ngazi ya kushukia, yani ule mteremko, haumpeleki mbele kama unavyotegemea, unamrudisha nyuma kule ilipo boti. Anashuka akiwa anaangalia alikotoka, anageuka, anapita chini ya daraja lile lile alilovuka sasa hivi, na boti inamfuata chini ya daraja, kamba haijakwama popote wala haijafunguliwa. Mimi nilisoma hayo kwenye bango mara tatu sikuelewa. Mrundi akaniambia wewe kaa hapo ni boti, akashika mwisho wa kamba ya hema akapanda daraja akavuka akashuka akapita chini akatokea upande wa pili ananivuta. Kulikuwa na watoto wa shule wanatuangalia. Nikapiga picha ya daraja kutoka kila upande kwa ajili ya mwanangu.

Lyons jioni, miguu haipo.

Siku ya tano: Lyons mpaka Jordan, kilomita 58

Sasa ile habari ya hamna magari, hapa ndo ilipoishia. Baada ya Lyons njia inakatika katika, unatupwa barabarani pembeni ya magari, kuna bega la lami la kutosha na alama za baiskeli lakini ni barabara, yako pikapu, yako malori ya maziwa. Nilipanda lami na kabla lori la kwanza halijafika shingo ikageuka. Tena. Na tena. Kilomita kadhaa hivyo, nikawa nimekasirika, nimejikasirikia mwenyewe. Lori la tangi likatupita mbali kabisa, limehamia upande wa pili wa barabara kutuachia nafasi, na mimi nikashuka kwenye majani nikasimama. Mrundi akarudi. Safari hii hakuniambia kitu, akatoa epo moja akalikata na kisu nusu kwa nusu, tukala, tukaendelea yeye akiwa nyuma yangu. Akawa anatangaza: "Lori. Dogo. Limepita. Gari ya mama. Limepita." Mpaka kijiji cha Savannah.

Af tukaingia eneo la Montezuma, mabwawa na matete mpaka macho yanaishia, korongo wa kijivu wamesimama kama askari. Hapa ndo niliposhangaa kuliko popote. Mwaka 1819 wachimbaji walifika kwenye haya matope wakaanza kuugua, homa, kutetemeka, na kufa, wengi sana. Ni malaria! Malaria New York! Mtu unaishi Marekani miaka kumi unadhani malaria umeiacha Kahama kumbe ilikuwepo hapa inaua Waairishi wenye koleo. Na hawakujua ni mbu, mbu wamekuja kujulikana karibu miaka themanini baadaye, wao walidhani ni hewa mbaya ya bwawa. Inasimuliwa kwamba walikuwa wananing'iniza shingoni vikopo vya moto wenye moshi kufukuza hiyo hewa mbaya, yani bila kujua walikuwa wanafukuza mbu wenyewe. Bibi yangu alikuwa anafukiza majani jioni, naye hakuwa amesoma kitabu. Mwishowe sehemu hii walikuja kuimalizia wakati wa baridi bwawa likiwa limeganda na mbu hawapo.

Na kabla yao hayo mabwawa yalikuwa ya watu wengine, wenyeji wa asili, Wacayuga, na kuanzia Buffalo ni nchi ya Waseneca, na Syracuse ni ya Waonondaga. Mabango mengi ya njiani yanaanza hadithi 1817 kana kwamba jembe la kwanza lilikuta pori tupu. Mfereji ulileta walowezi mashua kwa mashua na wenye nchi wakabanwa kwenye vipande. Sisi Waafrika hii hadithi tunaijua mwanzo mpaka mwisho.

Baada ya Port Byron njia inarudi, na sasa ni mtaro wenyewe wa zamani ulioachwa. Mfereji mpya wa 1918 uliingia mtoni ukapita kaskazini, huu wa kale ukabaki, sehemu nyingine maji ya kijani yamefunikwa na magugu, sehemu nyingine miti mikubwa imeota katikati pale boti zilipopita. Kimya. Kasa wawili juu ya gogo. Shingo ikatulia tena, ilichukua kama nusu saa hivi, niliitegea.

Jordan tulilala tumechoka hata ugali hatukusonga.

Siku ya sita: Jordan mpaka Syracuse, kilomita 33

Fupi na tamu. Pale Camillus kuna daraja la maji la mawe la 1844, matao manne, mfereji unapita JUU ya mto. Juu kuna maji yamesimama, chini kuna maji yanakimbia, na wewe katikati na baiskeli. Wamelikarabati 2009 na boti ndogo inapita juu yake.

Kuingia Syracuse ni lami na mataa, mfereji wenyewe waliufukia miaka ya 1920 wakaufanya barabara, Erie Boulevard. Lakini limebaki jengo moja la 1850 ambalo sasa ni makumbusho ya mfereji, na nikawaambia hata kama ni lazima nilipe naingia, kwa sababu ni mizani. Mizani! Kama ile ya malori njiani kwetu. Boti inaingia ndani ya jengo, geti linafungwa, maji yanatolewa yote chini, boti inabaki imekaa juu ya mbao za mizani, inapimwa, wanatoa uzito wa boti tupu, unalipa ushuru kwa mzigo uliobeba, maji yanarudishwa unaondoka zako. Ushuru waliufuta 1882. Mrundi aliuliza kama na hapa unaweza kuongea na mtu wa mizani vizuri. Yule dada wa makumbusho hakuelewa, nami sikutafsiri.

Shemeji alitufuata saa kumi. Tukafunga baiskeli nyuma ya pikapu zikiwa na vumbi lake lote na kurudi kwa barabara kuu, masaa mawili na nusu kilomita zote zile, malori pande zote mbili. Nililala kabla hatujafika Rochester.

Nyumbani mwanangu alikuwa hajalala, swali lake la kwanza nyumbu wako wapi. Nikamuonyesha picha za daraja la Palmyra. Akaniangalia kama nimemuibia. Ikabidi nivue kamba ya kiatu, nimfunge ng'ombe wake wa plastiki, sahani ya sabuni ikawa boti, daraja ni kitabu juu ya vikombe viwili, na kitambaa cha bluu mfereji. Panda, vuka, shuka ukirudi nyuma, geuka, pita chini. Mara ya kwanza kamba ilikwama kwenye kikombe kwa sababu alimshusha upande mbaya. Mara ya pili ikapita. Akaenda kumuamsha mama yake aje aone nyumbu anavuka, na ile kamba sijaipata mpaka leo, kiatu kimoja nakifunga na uzi wa hema.